Mshenga wa Khatibu

Khatibu Mohdhar alikuwa na adabu za kuudhi. Mtu angempigia simu kumwambia nyumba inaungua, naye angemuuliza kwanza hali yake, kisha wazee, kisha watoto, na moto ungengoja zamu yake. Majirani zake wa Kisauni walimzoea, na wengine walimpenda kwa hilo hilo, maana vijana wa siku zile walishaanza kuwapita watu wazima bila hata kugeuza shingo. Aliyemlea hivyo ni mamake, Bi Zubeda, mwanamke ambaye hata siku aliyoanguka akateguka nyonga aliulizwa hali akiwa chini sakafuni, akajibu salama, alhamdulillahi, ndipo akaomba ainuliwe.

Malezi hayo hayana ubaya kwa watu. Ubaya ulikuja Khatibu alipoyapeleka kwenye mashine.

Mwaka wa 1996 alikuwa amekodi chumba ghorofani, juu ya duka la mabati kando ya barabara ya Malindi, na ndani yake aliweka kompyuta mbili, feni na birika la chai. Wapita njia walidhani anafundisha taipu. Kazi yake hasa ilikuwa kuandika programu, na katika kazi hiyo alikuwa na ujuzi ambao pengine Mombasa nzima hakuna mwingine aliyejishughulisha nao. Kompyuta zina lugha nyepesi na lugha nzito. Ile nyepesi unaiandika asubuhi na kabla ya saa ya chai inafanya kazi. Ukikosea unafuta, unaandika tena. Ile nzito, iitwayo C, lazima kwanza igeuzwe kuwa maneno ya mashine yenyewe, na kosa dogo ndani yake huiangusha programu nzima. Sasa vifaa vilivyoletwa kutoka ng'ambo, mizani, vipimo vya joto, vipimo vya hewa, vyote vilikuja na disketi ya lugha nzito, na walioviagiza walijua nyepesi tu. Katikati palihitajika kipande cha kuziunganisha, cha kupokea swali huku, kulifikisha kule kwa lugha ya kule, na kurudi na jibu. Kukiandika kwa mkono ilikuwa kazi ya kumtoa mtu roho, na kila kifaa kilitaka chake.

Khatibu akatengeneza programu ya kuvitengeneza vipande hivyo. Unaipa maelezo machache ya kifaa, nayo inaandika kila kitu, inageuza, inakukabidhi kipande kilicho tayari kupachikwa kwenye programu yako. Kazi iliyokuwa ikila mwezi ikawa ya mchana mmoja. Akaiita Mshenga, kwa kuwa kazi yake ni hiyo hiyo, kwenda na maneno ya upande huu na kurudi na ya upande ule.

Na mshenga wa pwani haropoki. Hata akiwa ametoka kukataliwa na kufungiwa mlango, akirudi kwa waliomtuma ataingia, atasalimu, atapokea kahawa, aseme wale watu wamempokea vizuri na wote hawajambo. Mpaka aulizwe, na zaidi? Hapo ndipo anaitoa ile habari iliyomleta. Khatibu alimjenga Mshenga wake kwa tabia hiyo na hata hakutambua kwamba amefanya uchaguzi. Kila kipande kilirudi na majibu mawili. La kwanza lilikuwa neno "salama" pamoja na namba. La pili lilikuwa shida, kama ipo shida. Ile salama haikuwa na maana kwamba kifaa ni kizima. Ilikuwa na maana kwamba mjumbe amefika na amerudi. Na kifaa kikikataa kujibu, Mshenga hakurudi mikono mitupu. Alirudi na namba ya mwisho aliyowahi kupewa, kisha katika jibu la pili akaeleza kwamba leo hakupewa kitu.

Katika ile lugha nyepesi, ukiomba jibu moja unapewa la kwanza. La pili linatupwa kimya kimya.

Haya yote Khatibu hakuyaandika popote. Aliona hayana haja ya kuandikwa. Nani asiyejua kwamba salama ya kwanza ni adabu tu, na kwamba ukitaka habari za mtu unangoja kidogo?

Kule Changamwe palikuwa na ghala la molasi, matangi makubwa ya chuma yaliyohifadhi ule ute mweusi wa miwa kabla ya kupakiwa melini. Mtaa wote ulinuka utamu uliochacha, na wageni walipenda harufu ile mpaka siku ya pili. Tangi likishatolewa molasi hubaki masalia chini, nayo yakichacha huila hewa yote safi na kutoa nyingine isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiingia kusugua hapaliwi, hakohoi. Anachoka tu, anakaa, basi.

Kiongozi wa wasuguaji alikuwa Nguma Charo wa Ziwa la Ng'ombe. Yeye na Khatibu walisoma pamoja Frere Town na hawakuwahi kuachana. Nguma alikuwa mrefu, mcheshi, na kazini alikuwa wa kwanza kuingia kila tangi, kwa sababu hakupenda kumtuma mtu mahali asipopakanyaga yeye. Kabla ya kuingia aliteremsha koroboi iliyowashwa kwa kamba. Ikizimika, hakuna kuingia. Njia hiyo ilikuwa na kero zake: upepo nao uliizima, na siku nzima ya kazi ikapotea bure. Isitoshe, kampuni haikutaka moto karibu na matangi. Kwa hiyo meneja, Musyoka, mhandisi kutoka Machakos, mtu makini asiyependa maneno mengi, akaagiza kipimo cha hewa kinachoning'inizwa tangini na kuleta namba mpaka kwenye kompyuta ya ofisini. Khatibu aliitwa kutengeneza kile kipande cha katikati. Mshenga akakitoa kabla ya adhuhuri. Programu ya skrini Musyoka aliiandika mwenyewe.

Nguma hakuiamini. Alimfuata Khatibu kwenye kivuli cha ukuta, akamwambia koroboi anaiona kwa macho yake, lakini hii ni namba iliyoandikwa mbali huko, na yeye nyumbani ana mkewe Mbeyu na ana mtoto. Alitaka rafiki yake amwambie wazi. Akisoma salama kwenye kioo kile, aingie?

"Ingia, ndugu yangu," Khatibu alimwambia. "Wallahi, ningekuwa mimi ningeingia."

Basi Nguma akaiacha koroboi nyumbani, Mbeyu akawa anaitumia uani.

Kazi ikaenda vizuri, na hilo ndilo baya lake. Kipimo kilisema kweli. Namba zilitetemeka zinavyotetemeka namba za hewa safi katika kila mia, ishirini nukta saba, nukta tisa, nukta nane, na mara moja tangi lilipochafuka zikashuka upesi mpaka skrini ikawa nyekundu, Nguma akakaa nje siku hiyo anakula viazi vya mkewe, ambaye alikuwa akiuza chakula langoni. Baada ya hapo hata yeye alikubali. Chengo, mshika kamba wake, zamani asingeiachia ile kamba aliyofungwa Nguma kiunoni hata kujikuna. Sasa akaanza kuifunga kwenye nguzo na kushuka kusaidia ndoo. Sifa zikamfikia Khatibu kutoka kila upande. Watu wakaja na disketi kunakili Mshenga, naye akawapa bila choyo, akawauliza na hali za nyumbani.

Mwanzo wa masika alipita Changamwe kuwasalimu. Dhahabu, karani aliyekaa mbele ya ile skrini, alimwambia kwamba mashine yake siku hizi imetulia sana. Zamani namba zilikuwa zikirukaruka, sasa inasema ishirini nukta tisa, kutwa nzima, haitikisiki. Khatibu akacheka, akasema kila kitu kinachukua muda kuzoea kazi. Akanywa chai yao, akaondoka.

Jambo lile, la hewa isiyotikisika, lingetajwa kama lalamiko, angesimama. Lakini lilitajwa kama sifa, na sifa alikuwa amezoea kuzipokea kwa kichwa kilichoinama. Nyuma ya ofisi ile, panya walikuwa wameshaukata waya wa kipimo. Waya uliloa molasi, ulikuwa mtamu, na bado walikuwa wakiutafuna bila haraka.

Siku chache baadaye aliitwa Likoni, kwenye ghala la korosho lenye mizani ya malori. Hapakuwa na kilichoharibika. Walitaka tu kuongeza mizani ya pili. Margret, aliyeshughulikia kompyuta pale, alimkaribisha ofisini, na Khatibu akawa anaangalia uani kupitia dirishani huku akingoja aletewe disketi. Lori lilikuwa limeshateremka mizani na kutoka langoni. Jukwaa la chuma lilikuwa tupu, kunguru wawili wanalitembelea. Kwenye skrini, uzito wa lori ulikuwa ungali pale pale, na pembeni yake, kwa rangi ya kijani, neno salama.

Akamuuliza Margret kulikoni. Margret akainama chini ya meza, akainuka anacheka. Mlinzi alikuwa amechomoa waya wa mizani ili achomeke redio asikilize mpira.

Khatibu naye akacheka. Kisha akauliza mbona skrini haikusema kwamba waya umetoka. Mshenga alikuwa amesema, hilo alikuwa na hakika nalo. Alisema katika jibu la pili. Akamuomba Margret amfungulie ile programu. Wakaisoma pamoja. Swali liliulizwa, jibu moja likapokelewa, basi, programu ikaendelea na shughuli zake.

"Na jibu la pili?" akauliza Khatibu.

"La pili lipi?" Margret alishangaa kweli kweli. "Mimi hii sikuitunga. Niliinakili kwa Bwana Musyoka wa Changamwe."

Akaikumbuka ile sifa ya Dhahabu, na mara hii akaisikia ilivyo. Namba ya hewa haikutulia. Namba ya hewa ilikuwa imekufa, na Mshenga alikuwa akirudi kila mara na ile ile ya zamani, akisema salama, halafu akisema kwamba kipimo hakijibu, na hakuna aliyengoja kumsikiliza. Aliogopa namna ambayo hakuwahi kuogopa maishani. Akaikamata simu ya mezani, akapiga Changamwe.

Dhahabu alipokea, akamuuliza habari za huko Likoni. Na Khatibu, jasho linamtiririka shingoni, akamjibu salama. Akamuuliza za kazini, akaambiwa salama. Akauliza mvua. Haki ya Mungu, mtu huyu aliuliza mvua. Mdomo ulikuwa umeshashika njia yake ya kila siku, na yeye alikuwa nyuma yake anaukimbilia.

"Dhahabu," akasema alipoupata. "Nguma yuko wapi?"

"Yumo tangini, kaka. Ameingia kitambo."

"Mtoeni."

"Lakini ni salama, naiona hapa mbele yangu. Ishirini nukta tisa."

"Si salama. Iache hiyo skrini ukamtoe, nakuomba, kimbia."

Akasikia simu ikiwekwa mezani, si mahali pake. Akasikia viatu. Kisha hakusikia kitu ila feni ya ofisi ile ya ng'ambo ya pili, nayo ikaendelea na kuendelea, na hakuna aliyerudi kumwambia neno.

Alivuka kivuko amesimama karibu na mnyororo wa mbele, na aliposhuka alikodi teksi, yeye ambaye hakuwahi kupanda teksi. Alipofika, Mbeyu hakuwa langoni. Masufuria yake yalikuwa pale, mafuta yametulia kwenye karai, viazi vimo ndani vimeungua.

Mambo aliyosimuliwa baadaye yalikuwa haya. Dhahabu alipopiga kelele, Chengo aliikimbilia kamba akaivuta, na kamba ikaja nzito. Akataka kuingia mwenyewe. Musyoka alimshika kiuno wakaanguka wote wawili, akamwambia akiingia watakuwa wawili. Wakavuta wote, na Nguma alipofika kwenye mlango wa tangi mabega yakakwama, kwa kuwa kamba ilikuwa imefungwa kiunoni na alikuja amejikunja. Ikabidi wamteremshe, wamvute tena. Hakuna aliyejua muda ule wote ulikuwa kiasi gani. Walipomtoa alikuwa amepakaa molasi kichwa mpaka miguu na hapumui, na Musyoka ndiye aliyeweka mdomo wake kwenye mdomo ule akampulizia, mpaka kitu ndani kikashtuka na kuanza tena.

Gari la hospitali lilikuwa limeshaondoka naye, na Mbeyu ndani yake. Musyoka alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tangi, shati limeloa weusi, nzi wamemzunguka. Khatibu alimweleza lote, jibu la kwanza na jibu la pili, na kwa nini. Alieleza vibaya, akarudia. Musyoka alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilisoma salama, nikajua ni salama," akasema. "Mashine haisalimii, Khatibu."

Kila mmoja wao alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, na kazi hizo mbili ndizo zilizomteremsha Nguma tangini. Lakini aliyeapa ni mmoja.

Wiki zilizofuata Khatibu alizimaliza akizunguka mjini kuitafuta Mshenga. Aliigeuza tabia usiku ule ule: kifaa kikinyamaza, kipande kinasimamisha programu na kupiga kelele, basi, hakuna salamu. Kisha akaanza kupeleka disketi mpya kwa kila aliyewahi kumpa ya zamani. Wengine aliwapata. Wengine walikwishawapa wenzao, na wenzao wengine, na mmoja alimwambia amempa shemeji yake anayefanya kazi hospitali moja huko bara, hakumbuki ipi, kwenye mashine za kuwapumulia wagonjwa. Alipouliza jina la huyo shemeji aliambiwa ameshahama. Tangu siku hiyo hakulala usingizi wa kueleweka. Bi Zubeda alimuuliza hali, naye akajikuta hawezi kulitamka lile neno. Mamake akafahamu kwamba mwanawe ni mgonjwa.

Nguma alitoka hospitali akitembea. Jamaa walimshukuru Mungu, wakasema amezaliwa upya. Khatibu alikawia kwenda, kwa aibu, na alipokwenda alibeba sukari na majani ya chai kama aendavyo mtu kumwona mgonjwa. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka katikati ya chumba. Nguma alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, amenyolewa, amevishwa shati safi lenye mikono mirefu. Alimtazama mgeni vizuri, usoni.

"Hujambo, Nguma," akasema Khatibu.

"Salama."

Khatibu akashukuru moyoni. Akavuta kigoda, akamwambia amekuja kumuomba radhi. Nguma akasema salama. Akamuuliza kama anakumbuka lililotokea. Salama, akasema Nguma. Sauti ilikuwa yake ile ile, yenye ucheshi, na ndiyo iliyomfanya Khatibu achelewe kuelewa. Alipoanza kuelewa alijisogeza mbele, akamshika goti.

"Ndugu yangu, wanijua mimi ni nani?"

"Salama," akasema Nguma, akatabasamu, akangoja swali jingine.

Khatibu akamgeukia Mbeyu, aliyesimama mlangoni na kanga kiunoni. Hakuwa na uso wa ugomvi. Daktari alikuwa amemweleza kwamba ubongo ulikosa hewa, kwamba maneno yameondoka na limebaki lile ambalo mtu hulitamka bila kufikiri. Alikuja akainama mbele ya mumewe, akafungua kifungo cha mkono wa shati, akaupandisha. Kuanzia kifundo mpaka kiwikoni ngozi ilikuwa imeungua, imepakwa dawa ya njano.

"Hili la juzi, shemeji," akasema. "Mimi nilikuwa uani naanika nguo, yeye yuko ndani karibu na jiko. Nikamuuliza kwa sauti, baba Kache, kuko salama huko? Akanijibu salama. Nikaanika zote mpaka mwisho. Nilipoingia nilikuta mkono uko juu ya makaa."

Khatibu aliinamisha uso kwenye viganja vyake, na alilia mbele ya mwanamke yule bila kujizuia. Mbeyu alimwacha alie. Aliurudisha mkono wa shati polepole usiguse kidonda.

"Sasa simuulizi tena," akasema. "Namtazama."

Akakifunga kifungo, akaenda kuweka maji ya chai.